Entebbe mpaka Nairobi: kilomita ngapi, na je utaiwahi ndege ya Mombasa?

Dada, umeuliza Entebbe hadi Nairobi ni mbali kiasi gani, na kama ukitua saa 3 asubuhi unaweza kupanda ya Mombasa saa 4. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 520 hivi, sehemu ya njia unapita juu ya Ziwa Viktoria. Hewani ni kama saa moja tu, lakini tiketi itakuandikia saa moja na dakika kadhaa sababu wanahesabu tangu ndege inaondoka getini mpaka inasimama kule, na masaa ya Uganda na Kenya ni yale yale kwa hiyo hakuna kujumlisha wala kutoa.

Ila hiyo ya saa 4 usiikate, nakuomba! Kama tiketi ni mbili tofauti, Nairobi unapanga foleni ya uhamiaji, unangoja begi lako, unatoka nje, unaanza tena kucheki-ini kama msafiri wa ndani, na kaunta inafungwa kabla ndege haijaruka. Jipe masaa matatu, au kata tiketi moja mpaka Mombasa, hapo wakichelewa ni jukumu lao kukupeleka.

Halafu jamu ya Kampala. Ni kilomita kama 40 tu mpaka Entebbe lakini asubuhi ukianzia mtaa wa Ntinda utasota, bora upite ekspresiwei ya Busega, ile barabara ya haraka ya kwenda Entebbe, lipa hiyo toli (ada ya barabara). Kitambulisho cha taifa cha Uganda kinatosha kuingia Kenya.