Jibu: Mota ya betri na sumaku haizunguki

Habari mkuu. Umesema koili yako (waya uliozungushwa duara) inatikisika kidogo juu ya vikwasi (pini zinazoishikilia na kuipa umeme wa betri) kisha inaganda, na betri ni mpya. Anza na ncha za waya. Waya wa kopa uliotolewa kwenye transfoma umepakwa vanishi inayozuia umeme. Ncha moja ikwangue pande zote. Ya pili, simamisha koili wima, ukwangue nusu ya juu tu! Ukizikwangua zote mbili pande zote, umeme haukatiki, kwa hiyo sumaku inaisukuma koili nusu mzunguko halafu inairudisha.

Kisha izungushe kwa kidole. Ikielemea upande mmoja, nyoosha ncha zipite katikati kabisa. Mizunguko 10 hivi ya waya inatosha. Ikikwama, chomoa betri upesi, waya unapata moto.