Jibu: Sampuli ya damu ya mbwa iliyokaa kwenye jokofu na vipimo vya ini

Ndugu, umeuliza iwapo damu ya mbwa iliyokaa siku mbili kwenye jokofu bado inafaa kwa vipimo vya ini. Hilo linategemea kwanza kama seramu (maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda) ilitenganishwa mapema, kwa kuwa chembe nyekundu za damu zina AST nyingi (kimeng'enya kimojawapo kinachopimwa kuchunguza ini), nazo zikipasuka huimwaga ndani ya seramu, na majibu yakaonyesha ugonjwa usiokuwapo. Seramu iliyotenganishwa ndani ya saa moja au mbili, ikahifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, huvumilia siku hizo mbili bila shida kubwa.

Ninachokusihi sana ni usiiweke kwenye friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri ukidhani unaikinga zaidi, maana humo ALT, kimeng'enya kingine kinachopanda kwenye damu ini likiumia, hupungua nguvu, na ini lililoumia linaweza kuonekana zima. Ikiwa ni lazima kuigandisha, tafuta friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri au baridi zaidi, na usiiyeyushe na kuigandisha tena. Chupa yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, nayo haifai, kwani dawa hiyo hunasa zinki na magnesiamu ambazo ALP, kimeng'enya kingine cha vipimo vya ini, huzihitaji. Seramu ikiwa na wekundu, yaani chembe nyekundu zimepasuka, mtoe mbwa damu upya.