Kubeba dawa za kisukari safari ya Umra: je, ni kukosa tawakali?

SWALI: Asalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, shekhe. Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Mbagala. Nina kisukari mwaka wa kumi na moja huu, najidunga insulini asubuhi na jioni. Wanangu wamenichangia niende Umra. Shoga yangu ananiambia nikibeba madawa yote haya nitakuwa sina tawakali, yaani simtegemei Mungu, nikifika ninywe maji ya Zamzam tu. Na je, kujidunga na kujitoboa kidole kupima sukari hakuharibu ihramu?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mama yangu, beba dawa zako zote. Nalitanguliza hili kwa sababu sitaki ufunge begi ukiwa na shaka.

Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila masurufu, wakisema wao wanamtegemea Mungu. Wakifika Makka, wanaomba watu. Ndipo ikashuka aya: "Na chukueni masurufu" (2:197). Waliodai tawakali ndio waliorekebishwa! Na kwako wewe insulini ni masurufu kabla ya tende na mchele.

Zamzam kunywa, tena kunywa sana, uombe shifaa. Lakini Mtume (s.a.w.) aliyetusifia maji hayo ndiye pia aliyesema tujitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee (Abu Dawud). Yote mawili ni mafundisho yake. Shoga yako anakupenda, ila hapo amekosea, na kosa lenyewe linaweza kukulaza hospitali ugenini.

Kuhusu ihramu, yaani ile hali ya ibada unayoingia ukishanuia Umra, Mtume aliumikwa (alipigwa chuku, akatolewa damu) kichwani akiwa ndani ya ihramu. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Ikiwa chuku haikuiharibu, sembuse tone la kidole? Jidunge, jipime. Jihadhari na manukato tu: pangusa kidole kwa spiriti isiyo na harufu ya marashi, na mafuta ya kupaka miguu yawe hivyo hivyo. Miguu yenyewe uitazame kila usiku, maana mwenye kisukari huweza kuchubuka asisikie. Sharia imewarahisishia wanawake: unaruhusiwa soksi na viatu vya kufunika ukiwa katika ihramu. Usitembee peku juani, na ndani ya msikiti vaa soksi safi.

Nenda kliniki yako mapema, daktari akuandikie barua inayotaja ugonjwa, dawa na sindano. Chukua dawa za siku nyingi kuliko za safari, uzigawe mikoba miwili. Insulini usiiweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Huko inaweza kuganda, na iliyoganda haifai tena. Niliwahi kusafiri na mzee aliyeweka dawa zake zote kwenye begi kubwa. Begi likachelewa siku mbili, na siku hizo mbili hatukulala kwa kumhofia. Joto la Makka nalo huiharibu, basi iache kwenye friji ya hoteli na utoke na ya kutwa moja tu, ndani ya kimfuko cha baridi. Saa zako za kujidunga hazibadiliki, kwani saa ya Makka na ya Dar es Salaam ni moja.

Sa'yi, ule mwendo wa mara saba kati ya Safa na Marwa, peke yake ni zaidi ya kilomita 3. Kabla ya kuianza pima sukari, ule kitu, na uwe na tende au pipi mkononi. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho, keti ule, kisha endelea ulipoishia. Usione haya kukaa kwenye kiti cha magurudumu. Ummu Salama (r.a.) alimlalamikia Mtume kwamba ni mgonjwa, akamwambia atufu, yaani aizunguke Kaaba, nyuma ya watu akiwa amepanda mnyama. Mke wa Mtume alipanda, mama yangu.

Tena unaponuia, weka sharti, kama Mtume alivyomfundisha Dhuba'a bint Zubayr aliyekuwa mgonjwa: useme mahali pako pa kutoka katika ihramu ni pale Mwenyezi Mungu atakapokuzuia. Ukizidiwa ukashindwa kukamilisha, utatoka bila kudaiwa kuchinja. Mweleze kiongozi wa kundi lenu hali yako kabla hamjaondoka, na pia mwenzako wa chumbani, umwonyeshe dawa ziko wapi.

Wallahu aalam.