Je, nikimnunulia mume wangu kiti cha magurudumu nimekosa imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mume wangu alipata kiharusi, huu ni mwaka wa tatu hawezi kusimama. Mtumishi mmoja alinitabiria kwamba mwaka hautaisha kabla hajatembea, nami nikatoa sadaka ya mbegu. Mwaka ukaisha. Sasa nataka kununua kiti cha magurudumu, lakini wenzangu wa maombi wanasema nikinunua nitakuwa nimeufungia muujiza mlango. Wananisomea Yeremia 29:11. Siku hizi hata kuomba kunanishinda. Nimekosea wapi?

JIBU: Amina, mama. Pole kwa kuuguza. Miaka mitatu ya kumgeuza mtu kitandani si mchezo.

Mstari waliokusomea naupenda: “nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya.” Umetundikwa kwenye sebule nyingi. Ila panda mstari mmoja tu juu yake, utakuta miaka 70 ya kungoja kabla ya kurudi kwao. Ile ilikuwa barua ya nabii Yeremia kwa watu waliohamishwa Yerusalemu wakapelekwa Babeli. Mtu wa miaka 40 aliyeisikia ikisomwa alijua kwamba atazikwa ugenini. Na ahadi ilikuwa yake pia.

Sasa soma sura ya 28, ambayo wenzako hawakukusomea. Nabii Hanania alisimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Akaivua nira shingoni mwa Yeremia, aliyoivaa kama ishara ya kutumikia Babeli, akaivunja. Bila shaka watu walifurahi. Nani hapendi kutajiwa tarehe? Hata Yeremia alijibu “Amina”, kwa maana naye alitamani iwe hivyo. Lakini Mungu hakuwa amemtuma Hanania, na alikufa mwaka uleule.

Kwa hiyo, mama, mwaka ulipoisha, kilichoanguka ni tarehe ya yule mtumishi. Imani yako haikuanguka. Habari ya sadaka ya mbegu sitaisema sana. Swali hilo anapaswa kulijibu aliyeipokea.

Na barua yenyewe iliwaagiza nini wale mateka? Wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe, wazae. Nadhani wapo waliogoma: nikipanda mboga hapa, si nimekubali kwamba sirudi? Ndiyo hoja ya wenzako kuhusu kiti. Lakini aliyeagiza bustani ndiye yuleyule aliyeahidi kurudi, na hakuona mgongano wowote.

Mtazame na Paulo. Efeso, leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona (Matendo 19:12). Halafu rafiki yake Trofimo, mtu wa Efeso hiyohiyo, akamwacha Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Paulo hamlaumu Trofimo kwa imani haba. Timotheo naye, kwa tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, aliambiwa atumie mvinyo kidogo, yaani dawa ya nyumbani ya siku zile.

Kanunue kiti, mama. Mtoe baba nje apate jua, aende naye ibadani kama anapenda. Muulize pia daktari kuhusu mazoezi ya viungo, na mazoezi yenyewe ufundishwe vizuri, usije ukaumia mgongo. Kuomba asimame usiache. Muujiza hauzuiwi na magurudumu manne.

Kuhusu kushindwa kuomba: fungua Zaburi ya 88, uisome kwa sauti, hata ukiwa umekasirika. Ni zaburi ya mtu anayemlilia Mungu mchana na usiku bila kujibiwa, na inaishia gizani, haina mstari wa furaha mwishoni kama nyingine. Nayo imo katika Biblia. Ukimaliza kuisoma, utakuwa umeshaomba kwa siku hiyo.