Kabla hujashika drili: kwa vijana wanaofunga antena kwenye magari ya kizamani

Jumanne nimemkuta kijana wetu wa gereji amepiga goti mbele ya Land Rover 109, drili mkononi, penseli sikioni, anatafuta pa kutoboa. Nilipiga ukelele mpaka mama wa chai akageuka. Wiki moja kabla, mwenzake alinunua antena ya sumaku kwa ajili ya gari hilohilo. Akaiweka juu ya madigadi, ikaporomoka mavumbini. Akaiokota, akaifuta, akaiweka tena, ikaporomoka tena. Akanijia kwa hasira: "Kaka, wametuuzia sumaku feki." Mdogo wangu, bodi ya Land Rover hizi ni aluminiamu. Hata ung'oe sumaku ya spika ya disko, haitanata.

Sasa naandika, maana nimechoka kupiga kelele. Hapa Tabora watu wameanza kuyafufua magari ya baba zao yaliyolala chini ya miembe miaka nenda rudi. Pijo 404, 504, Volkswagen za mgongo wa kobe. Yanapigwa rangi, yanabeba maharusi, na wenyewe wote wana ombi moja: redio ilie vizuri, ila antena isionekane. Mnaitikia "sawa mzee" kabla hamjafikiri.

1. Muulize mwenye gari anasikiliza nini, akiwa wapi. Wa kuzunguka Kanyenye, Isevya na sokoni, akishika stesheni za hapa mjini, hata waya uliofichwa vizuri utamtosha. Wa kwenda Sikonge au Urambo kila wiki ni habari nyingine. Wimbi la FM kwenye megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na fimbo ya antena inayolitosha ni robo yake, sentimita 75. Kile kidude cha mpira cha urefu wa kidole mnachokipenda kinashika mjini, kikivuka miti ya mwisho kinabaki pambo. Mwambie mteja mapema. Asiyeambiwa mapema hurudi usiku wa mechi, na harudi peke yake.

2. Lala chali, uingize kichwa chini ya dashibodi na tochi, kabla ya kitu kingine chochote. Hapa nina kidonda, vumilieni.

Nilikuwa na mwaka wa pili kwenye ufundi. Akaja mzee mmoja, mstaafu wa reli, na Pijo 404 yenye rangi ya kiwandani, kijivu cha bahari, haijawahi kuguswa na bomba la rangi. Akaniambia, "Fundi, nataka nisikie taarifa ya habari, lakini gari langu lisije likawa na pembe kama panzi." Ikawa Ijumaa, akaniachia funguo akaenda kuswali. Nikajiambia, akirudi akute redio inaongea. Ujana una haraka zake.

Nikachagua madigadi ya kushoto, kwa sababu ndiyo iliyokuwa upande wa kivuli. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu nzima. Sikuwa na senta-panchi, ile ncha ya kugongea alama ili biti isiteleze, nikagonga alama kwa msumari. Nilipobana drili, biti ikacheza, ikaruka, ikachora mstari juu ya rangi ile kama wembe shavuni. Jasho likanitoka. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikaendelea, eti antena ikikaa, macho yatakwenda kwenye antena badala ya mchubuko.

Nikatoboa. Nikapanua kwa tupa mpaka mguu wa antena ukapita, ukashuka vidole vitatu, ukagota. Ndani mlikuwa na bati la pili, la kuimarisha. Sikuwa nimepitisha hata mkono kwa chini kulipapasa. Basi nikatoboa shimo la pili, nyuma kidogo ya la kwanza. Hapo antena ikaingia. Nikakaza nati juu ya rangi, nikaunga redio, ikawa inakoroma shhhh kama chapati kwenye mafuta. Nikatangaza kwa sauti kwamba redio ni mbovu.

Fundi wangu mkuu alikuwa anatafuna muhogo. Hakusema kitu. Alilala chali, akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akakaa humo kitambo. Kisha mkono wake ukatoka umeshika waya wa antena, umeviringwa vizuri na kufungwa uzi, plagi yake bado ipo mwishoni. Waya wa zamani. Tukaufuata mpaka upande wa kulia, chini ya kioo cha mbele, tukakuta kizibo cha raba kilichopakwa rangi ya gari. Chini ya kizibo, shimo. Gari lilikuwa na shimo lake la antena tangu zamani, limefichwa na mtu aliyekuwa na adabu kuliko mimi.

Mzee akarudi na kanzu yake. Akalizunguka gari mara moja, polepole, akapitisha kidole kwenye tundu la kwanza, kisha la pili. Hakufoka. Aliuliza tu, "Yote mawili ni ya antena?"

Angenipiga kofi ningeshukuru. Matundu tuliyaziba kwa kuchomelea, bati lile jembamba likajikunja kwa moto, mnyoosha bodi akalipiga siku mbili. Rangi ilichanganywa mara nne. Asubuhi inafanana, jua la saa saba likipiga, unaona kabisa pale alipopita fala. Nililipa kwa kukatwa mshahara. Na masika yalipofika rangi ikavimba vipele, kwa sababu kwa ndani, kule tairi inakorushia matope, sikuwa nimepaka chochote cha kuzuia kutu. Kwa hiyo nikalipa tena.

3. Chini ya kitako cha antena kwangua rangi mpaka chuma king'ae, ukikaza paka grisi. Bodi ya gari ni nusu ya antena, na hiyo ndiyo shhhh niliyoisingizia redio ya mzee.

4. Ya kubandika kiooni kwa ndani ni nzuri kwa kujificha, lakini nyingi zina bosta, yaani kikuza mawimbi, inayotaka volti 12 kutoka waya wa buluu wa redio. Bila huo imekufa. Sasa fungua boneti utazame betri kwanza: Volkswagen nyingi za zamani ni volti 6, na Land Rover za kabla ya 1967 hivi chanya ya betri ndiyo imefungwa kwenye bodi, si hasi. Ukiunga kwa mazoea, utasikia harufu kabla ya muziki. Tinti yenye metali nayo inaziba mawimbi. Na yule aliyeficha antena chini ya boneti, ndani ya sanduku la chuma, halafu akaniuliza mbona haishiki: jina lako silitaji kwa heshima ya mama yako.

5. Pijo zina mfereji wa maji ya mvua juu ya milango. Kuna vishikio vya kubana pale bila kutoboa, fimbo ya kuchomoa, siku ya harusi unaitia kwenye buti.

6. Mteja akisema inashika stesheni mbili tu, soma redio kabla ya kulaumu waya. Redio za Japani za zamani zinaanzia megahezi 76 zinaishia 90. Sisi stesheni zetu ni 88 hadi 108. Mfungie ekspanda, kidude cha kushusha mawimbi yetu yaingie kwenye namba za redio yake, au mwambie anunue redio nyingine. Nimewahi kubadilisha antena tatu kwenye gari moja kabla sijatazama namba, lakini kwa leo nimeungama vya kutosha.

7. Mlio unaopanda ukikanyaga mafuta si wa antena, ni altaneta, ile inayochaji betri, au nyaya za plagi za injini.

Land Rover ya Jumanne tumeifunga jana. Bolti ya bawaba ya mlango, pale kwenye chuma chenyewe, ilikubali kubeba kipande cha bati tulichokikunja, antena ikakaa kimya ubavuni mwa kioo, hakuna tundu hata moja. Dogo akafurahi, akauliza kama sasa atarudishiwa drili. Nimemwambia kuna Pijo ya kijivu huwa inakuja hapa kumwaga oili. Asubiri ije saa saba, aitazame madigadi ya kushoto, halafu tuzungumze.