Kocha, nivae viatu gani? Na maswali mengine ya Dipsea

Barua za mwezi huu karibu zote ni za Dipsea, ile njia ya kilomita 12 inayotoka mji wa Mill Valley, ng'ambo ya daraja ukitokea San Francisco, ikakata mabega ya mlima Tamalpais hadi ufukweni Stinson Beach. Juni, mwezi wa mbio zake, inakaribia, wazimu umewapanda.

Kocha, viatu gani vinafaa?

Nimelijibu hili mara ngapi? Vyenye meno chini, visivyobana vidole ukishuka. Basi.

Shikamoo Kocha. Nakimbia kilomita 10 kwa dakika 42 kando ya Lake Merritt, Oakland. Dipsea nitaimaliza kwa saa moja?

Marahaba. Humalizi. Hujatoka mjini vizuri unakutana na ngazi, mikupuo mitatu yenye vidato karibu 700, katikati ya nyumba za watu. Ukishazipanda, unateremka hadi bonde la Muir Woods kwenye miti mirefu ya redwood, unavuka kijito, kisha unaanza upya kupanda hadi mahali panapoitwa Cardiac, zaidi ya mita 400 juu ya bahari. Jina hilo linahusu moyo, na ukifika utaelewa. Ron Elijah alikimbia njia hii mwaka 1974 kwa dakika 44 na sekunde 49, lakini wewe si Ron Elijah. Jipangie saa moja na nusu.

Na mliomaliza barua zenu kwa "sisi Wakenya mbio ziko damuni", hebu tuheshimiane. Umezaliwa Buruburu, umekulia kwenye matatu. Medali za watu wa Iten hazitakupandia ngazi.

Ni kweli mtoto aliwahi kushinda mbio hizi? Au ni porojo za mtandaoni?

Ni kweli. Mwaka 2010 alishinda msichana wa miaka 8. Mbio hizi zilianza 1905, na wanaanzishwa kwa makundi kufuatana na umri na jinsia: watoto, wazee na wanawake wanatangulia, vijana wa kiume wenye nguvu zao wanaondoka mwisho kabisa. Atakayegusa Stinson Beach kwanza ndiye mshindi. Jack Kirk alishinda 1951, akashinda tena 1967 akiwa na miaka 60, na alipopita 90 bado alikuwa njiani. Kijana anayelalamika kwamba huo ni upendeleo, aanze kukimbia mapema ili awe mzee mwenye mbio.

Naweza kwenda na mbwa wangu?

Hapana. Njia inapita hifadhini.

Kupanda sina shida, Kocha. Lakini baada ya Dipsea nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume siku mbili. Nimeumia goti?

Hatimaye, swali la maana. Goti lako halina neno. Ulikosa mazoezi ya kushuka, kama karibu kila anayeniandikia. Mnashindana kupanda, mnapiga picha za jasho, kisha mnarudi chini kwa gari.

Ukipanda, misuli ya mbele ya paja inajikunja na kukusukuma. Ukishuka, misuli hiyohiyo inavutwa ikirefuka huku inazuia uzito wako usiporomoke. Kazi hiyo huichanachana kidogokidogo ndani, na maumivu hayaji siku hiyo, yanakusubiri kesho na keshokutwa. Uzuri wake ni kwamba misuli hujifunza haraka: mteremko mfupi mara moja kwa wiki, kwa wiki nne au tano, na mwili utazoea. Hatua ziwe fupi na za harakaharaka, mikono ipanuke kama ya mtu anayetembea juu ya ukuta. Usijilaze nyuma kwa woga, maana kisigino kikiteleza utakaa chini bila kupenda.

Hapo Steep Ravine, korongo la mteremko mkali unaposhuka kuelekea baharini, vidato ni vya magogo na udongo, havilingani urefu, na ukungu wa baharini hunaswa na miti ukadondoka kama mvua. Gogo lililolowa linateleza kama sabuni. Mimi nilianguka mahali pakavu kabisa, baada ya kutoka msituni. Bahari ilitokea ghafla upande wa kushoto, yote, nikageuza shingo. Mguu wa kulia ukakuta shimo. Kovu ninalo kwenye kiwiko. Kwa hiyo bahari itazame ukiwa umesimama.

Nataka video ya bahari mwanzo hadi mwisho. Niende mwezi gani?

Hakuna mwezi huo. Nusu ya kwanza ni msitu na mabonde, na Julai ukungu unaweza kukufunika hadi mchangani. Septemba na Oktoba mara nyingi kweupe. Simu iweke mfukoni unapokimbia, nimeshasema kuhusu kiwiko changu.

Nimetoka vipele vya maji miguuni baada ya kukimbia huko. Rafiki yangu anasema ni upupu.

Si upupu. Ni mmea wa majani matatumatatu, wenyeji wanauita poison oak, na umejaa kando ya njia. Ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Aliyewahi kubangua korosho kienyeji anajua utomvu wake unavyochoma. Mafuta yake hubaki kwenye nguo na kamba za viatu, kwa hiyo ukifika nyumbani oga kwa sabuni mara moja na nguo zifue peke yake. Wakati wa baridi hupukutika ukabaki vijiti, na vijiti navyo vinawasha. Vipele vikifika usoni au uvimbe ukizidi, nenda kwa daktari, usiniandikie mimi.

Kurudi Mill Valley ni vipi?

Kwa miguu. Wapo wanaovuka mara nne siku moja, mbio zao zinaitwa Quad Dipsea. Nyinyi wengine kuna basi. Tazameni ratiba kabla hamjaondoka nyumbani.

Nikimaliza naweza kuogelea?

Wewe wa pwani umezoea maji ya Nyali. Haya ni baridi hata Agosti, mkondo unavuta, na papa weupe wapo. Ingia hadi magotini, toka, kanunue chipsi.