Kiinimacho Katika Sherehe za Watoto: Maswali na Majibu

Likizo ya Agosti inakaribia, na barua nyingi zilizonifikia kutoka Lamu na Malindi zinahusu sherehe za watoto zitakazokuwa na michezo ya mazingaombwe. Nimechagua zile zinazoweza kuwafaa wengi. Zilizouliza bei bila kueleza jambo jingine lolote nimezitia katika swali moja, kwa kuwa kosa lao ni moja.

Swali: Binti yangu anatimiza miaka minane na anataka sherehe ya mazingaombwe. Bibi yake, ambaye tunaishi kwake, anasema huo ni uchawi na hautaingia nyumbani mwake. Nimwambie nini? (Mama, Mkomani, Lamu)

Jibu: Usimwambie kitu, mwonyeshe. Siku chache kabla ya sherehe, keti naye barazani na sarafu ya shilingi ishirini. Ishike kwa ncha za vidole vya mkono wa kulia, ulete wa kushoto kana kwamba unaichukua, kisha uufumbe huo wa kushoto na uutazame wewe mwenyewe, huku sarafu ikibaki imebanwa katika kiganja cha kulia. Macho yake yatafuata yanapotazama macho yako. Akishashangaa, fungua mkono wa kulia aione ilipo, na umfundishe mpaka aweze. Siku ya sherehe huenda yeye ndiye akawa msaidizi wako. Ama hukumu ya dini, mimi si shekhe. Mwulizeni mnayemwamini, lakini mwelezeni mchezo wenyewe utakavyokuwa, badala ya kumtajia jina tu na kungoja akataze.

Bibi hana kosa kuuliza, ila jambo hili lina uzito kuliko sherehe yenu. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu kilichofichua, pamoja na mengine, jinsi wacheza viinimacho walivyopoteza sarafu na vijipira vyao. Alitaka wasomaji waelewe kwamba watu waliokuwa wakihukumiwa kwa uchawi, wengi wao wanawake wazee na maskini, walikuwa wakionewa. Sisi wa Malindi, tulio katika Kaunti ya Kilifi, hatuna haki ya kuyaona hayo kuwa ya kale wala ya mbali: hapa wazee wangali wakishambuliwa na kuuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingine wanaowatuhumu ni jamaa zao wenyewe, wanaolitaka shamba. Ndiyo maana nawasihi wazazi na wenye maduka ya mapambo waziweke kando picha za bikizee mwenye pua ndefu, ufagio na chungu kinachochemka. Nyota, mwezi, karata na kofia ndefu nyeusi zinatosha kabisa, na neno «uchawi» lisiandikwe katika kadi ya mwaliko hata kwa mzaha.

Swali: Mtu wa mazingaombwe ni bei gani? (Wasomaji kadhaa, Malindi na Watamu)

Jibu: Bei ya kazi gani? Nimekwisha sema, na nasema tena, kwamba swali hili halijibiki mpaka nijue watoto ni wangapi, wana umri gani, sherehe ni ndani au nje, na itaanza saa ngapi. Watoto wa miaka minne huchoka baada ya dakika ishirini, ilhali wa miaka kumi wanaweza kukaa karibu saa nzima wakijaribu kumnasa mchezaji. Kazi hizo mbili hazilipwi sawasawa. La maana kuliko bei ni kumwona akicheza kabla ya kumpa arubuni. Na mtu atakayedai kwamba siri ya ufundi wake inamlazimu kubaki na mtoto peke yao katika chumba kilichofungwa, msimchukue hata akikubali kucheza bure.

Swali: Sherehe yetu itakuwa ufuoni, na tungependa mwishoni mtoto apunge fimbo yake ya ajabu, baluni zote ziruke kuelekea baharini. Baluni za kupaa zinapatikana wapi? (Baba, Watamu)

Jibu: Sitakueleza zinakopatikana. Baluni iliyopaa hushuka, na hapo kwenu itashukia majini, ambako kasa humeza vipande vyake. Mnakaa kando ya hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu mwaka 1968, na kasa hutaga mayai kwenye fuo zenu. Isitoshe, tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwemo sahani, vikombe na mirija, zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi nchini, kwa hiyo hata meza yako ya vinywaji yafaa uifikirie upya. Kisha kuna upepo wa kusi, ambao mwezi wa Agosti utabeba karata, leso na kofia kabla mchezaji hajamaliza kusalimia. Fanyeni uani, nyuma ya ukuta. Baluni za kupuliza kwa mdomo mwaweza kuzitundika, ila ikipasuka moja, vipande viokotwe papo hapo, maana mtoto mdogo akivitia kinywani vinaweza kumziba koo.

Swali: Je, tutafute sungura wa kutolewa kofiani? (Dada, Maweni, Malindi)

Jibu: Hapana. Sungura huogopa kelele na kushikwashikwa, na akizungukwa na watoto ishirini atamkwaruza mmoja wao. Mshoneeni wa kitambaa.

Swali: Nimeona picha za chungu kinachomwaga moshi mweupe. Kuna mtu aliye tayari kunipa barafu kavu. Naweza kuitia katika sharbati ya watoto? (Mama, Casuarina, Malindi)

Jibu: Usiitie. Barafu kavu ni gesi ya kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, na ubaridi wake ni nyuzi 78 hivi chini ya sifuri. Kipande kikimfikia mtoto mdomoni kitamuunguza kama kaa la moto. Ikitiwa katika chupa na kufungwa, chupa hulipuka. Gesi yake ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukusanyika chini, palepale walipoketi watoto, na katika chumba kisichopitisha hewa ni hatari ya kweli. Anayeijua kazi hii huvaa glavu nene na huiweka katika chombo kilicho wazi, mahali penye hewa, watoto wakiwa mbali. Kwa maoni yangu haina haja.

Badala yake, chemsha kabichi ya zambarau, uchuje maji yake, uyagawe katika bilauri mbili kubwa ziwekwe juu ya sinia. Kamulia ndimu katika ya kwanza, nayo itageuka rangi ya waridi. Katika ya pili tia bikaboneti ya kupikia, ile ya kulainishia maharage, nayo itakuwa ya buluu au kijani. Kisha mpe mtoto amimine ya kwanza ndani ya ya pili. Rangi itabadilika mbele ya macho yao na povu litapanda hadi ukingoni, kwa sababu tindikali ya ndimu ikikutana na bikaboneti hutoa gesi ileile ya barafu kavu, pasipo ule ubaridi wa kuunguza. Maji hayo yasinywewe.

Swali: Chakula gani kinaendana na sherehe ya namna hii? (Msomaji, Mambrui)

Jibu: Kilekile mnachokipenda: viazi karai, sambusa, kaimati, mabuyu. Kitolewe baada ya mchezo, kwani karata iliyochaguliwa na mtoto mwenye shira ya kaimati vidoleni haichanganyiki tena na wenzake.

Swali: Katika sherehe ya jirani, mchezaji alijifanya kumkata kidole mwanangu wa miaka mitano. Tangu siku hiyo hataki kulala peke yake. Je, huo ni utundu tu? (Mama, Barani, Malindi)

Jibu: Si utundu. Mtoto wa umri huo bado hatenganishi vizuri kilichotendeka na kilichoonekana kutendeka. Kama mchezaji anapatikana, aje amwonyeshe chombo chake kilivyotengenezwa, na mtoto akishike mwenyewe. Visu, misumeno na moto havina nafasi mbele ya watoto wadogo, na asiyejitolea asivutwe mkono kupelekwa mbele. Tena sherehe iishe kabla ya magharibi. Mtoto aliyechoka huogopa upesi, na wanaomngoja nyumbani wana haki yao pia.

Swali: Mwanangu wa miaka kumi anataka kucheza yeye mwenyewe mbele ya wenzake. Sherehe itakuwa kiwandani, yaani katika ua ulio ndani ya nyumba yetu. Aanze na michezo gani? (Baba, Langoni, Lamu)

Jibu: Laiti barua zote zingekuwa hivi. Michezo mitatu inamtosha, na ya sarafu nimekwisha ieleza. Wa pili ni maandishi yaliyofichika: aandike jina kwa njiti iliyochovywa katika maji ya ndimu, karatasi ikauke, kisha mtu mzima apitishe pasi ya moto juu yake, na maandishi yatatokea yakiwa ya hudhurungi, kwa sababu maji ya ndimu huungua kabla ya karatasi. Wa tatu ni bilauri iliyojazwa maji pomoni: aifunike kwa kadi ngumu, aipindue huku ameishikilia kadi, kisha aiachie pole pole. Hewa inayoisukuma kadi kutoka chini ina nguvu kuliko uzito wa maji, nayo kadi haitaanguka. Mazoezi hayo yafanyiwe juu ya beseni.

Mchezo wa vikombe na vijipira, ambamo kijipira kilichofunikwa chini ya kikombe hutoweka na kutokea chini ya kingine, angoje mwaka mwingine. Ni mchezo wa kale sana. Mwanafalsafa wa Kirumi Seneca aliutaja katika barua zake yapata miaka elfu mbili iliyopita, akasema kwamba akionyeshwa unavyofanywa, ladha yake humwishia. Simwafiki. Mtoto aliyefundishwa siri huenda nyumbani akaufanyia mazoezi, na watu wazima watakaomtazama watajua kwamba ni mkono tu uliofanya kazi. Kwa hiyo mwishoni awafundishe wenzake mmoja kati ya hiyo mitatu, autakao.

Kuhusu mahali, asimame mgongo ukiwa ukutani, vifaa vyake avipange ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na asirudie mchezo uleule mara ya pili hata wakimwomba kwa kelele. Mtakachosahau ni darini, kwenye ghorofa ya juu. Sarafu iliyofichwa kiganjani haionekani kwa aliyeketi mkekani, lakini shangazi anayechungulia kutoka juu ataiona vizuri, na ataitangaza. Waombeni wote washuke waketi na watoto.